Vyungu Saba Kwenda, Kimoja Kurudi

Ninyi wajukuu na rafiki zenu mnaoshinda mkipekua simu, nimechoka kuulizwa. Kila anayepita hapa nyumbani anataka "yale mambo ya Dar", na kila mmoja kayasikia nusu kwa Rehema, nusu kwa mtu aliyeona picha. Sasa nimekaa nimeandika mara moja, msome wenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Rehema amenakili kutoka kwenye daftari langu na nimemkataza kunisahihisha. Anayesoma akae vizuri, na kama ni mdogo kwangu, shikamoo yake naidai.

Nyumbani, juu ya Vuga

Wengi wenu mnatujua, lakini kwa wale wageni: mimi na Mama Salehe ni wake wenza. Mume wetu alitangulia zamani, sisi tumebaki, nyumba zetu zinatazamana na uwanja ni mmoja. Wote wawili ni wafinyanzi. Mimi nilitangulia kuolewa, na udongo nilimfundisha mimi. Niseme kweli, akanipita. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi kama maganda ya yai, na wanawake wa Mombo na Magoma wakija kununua walikuwa wanauliza mbele yangu bila haya, "Vya yule mdogo vipo?"

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Ni uzee tu, hospitali walisema hivyo. Akaendelea kufinyanga, ila midomo ya vyungu ikawa inalala upande.

Kwetu chungu hakiendi sokoni bila kujaribiwa. Kikitoka motoni na kupoa, unakijaza maji na kukiweka juu ya jiwe kavu. Jiwe likilowa, kinavuja. Kinachovuja unakipaka udongo mwekundu begani, alama ya kidole kimoja, ili mtu asikibebe kwa bahati mbaya akatutia aibu huko sokoni. Kazi hiyo ya kujaribu ni yangu tangu zamani. Kiangazi kilichopita nilijaza maji chungu cha Mama Salehe, jiwe likalowa, nikakipaka. Nikasema mbele ya wateja, kwa sauti yangu hii mnayoijua, "Hiki kisitoke hapa." Aliingia ndani, na tangu siku ile hakugusa udongo tena. Mimi nikaona amepumzika. Chungu tukakiweka chini ya mapaa, kuku akatagia humo.

Basi Rehema, huyu mjukuu wangu anayesoma chuo Lushoto, akawa anapiga picha vyungu vyangu na kuvituma kwenye simu. Siku moja akaja dada kutoka Dar anaitwa Neema. Kazi yake ni kuchagua vitu vya wasanii, anavipanga kwenye jumba, watu wanakuja kutazama, na wenye uwezo wananunua.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuona kazi zako."

"Marahaba. Kazi zangu ziko shambani, maharage hayajapaliliwa. Umekuja na jembe?"

"Bibi, anasema vyungu!" Rehema akaingilia. "Kule kwao chungu kinaitwa kazi."

"Na kazi inaitwaje?"

Neema akachagua sita vyangu, akashukuru vizuri tu. Halafu akainama chini ya mapaa. Akamtoa kuku, mayai akayaweka pembeni moja moja, akakibeba chungu cha Mama Salehe mpaka kwenye jua. Alikizungusha muda mrefu.

"Na hiki? Hili pako jekundu, bibi, lilikusudiwa nini?"

"Lilikusudiwa kisiuzwe."

Akacheka, akaandika kwenye kitabu chake. Nikajua hakunielewa, ila sikujua ni kwa kiasi gani.

Mama Salehe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, ng'ambo ya uwanja, anasikia kila kitu. Akasema, "Kama wanataka kukitazama, wakitazame. Lakini kirudi. Si cha kuuza. Mama Rehema, ukirudi hapa bila chungu changu, tunajenga ua katikati ya uwanja huu, wewe kwako na mimi kwangu."

Mama Rehema ni mimi, ananiita hivyo kwa sababu mjukuu huyu nimemlea. Na ua alisema kweli, simjui kwa utani wa namna hiyo. Neema akaahidi: sita vya kuuza, kimoja cha kutazamwa tu. Na mimi nikaahidi.

Kutoka Soni mpaka Mombo

Neema alitaka kutuma gari lichukue vyungu. Nikakataa, vyungu vyangu havijawahi kusafiri bila mimi. Tulivifunga kwa majani makavu ya migomba, kila kimoja kwenye tenga lake, na tukashuka mimi na Rehema asubuhi na mapema.

Kutoka Soni mpaka Mombo ni kona tupu, mwajua. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka. Kona ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikanyamaza, ya tatu nikamgusa bega. "Mwanangu, unafukuzwa?" Akasema hapana bibi. "Basi nenda kama mtu asiyefukuzwa." Akaenda vizuri mpaka chini, watu wengine nyuma wakinishukuru kimyakimya.

Mombo joto lilitupokea kama mvuke wa sufuria. Basi la Dar lilikuwa lifike saa tatu, likafika saa sita kasoro. Tulikaa kwa mama mmoja muuza chai, tukala makande niliyobeba, na yule mama akaleta maharage yake tuonje ili tuseme ya nani matamu. Nilisema yake. Yangu yalikuwa matamu zaidi lakini nilikuwa nimekalia benchi lake saa tatu nzima.

Basi lilipofika, kondakta akashika matenga kuyarusha chini kwenye buti, pamoja na magunia ya viazi.

"Weka chini," nikasema.

"Mama, mizigo yote ni kwenye buti."

"Shikamoo hujaitoa na tayari unanipangia. Weka chini."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Hivi sita funga juu ya viazi, siyo chini. Hiki cha saba kinakaa na mimi."

"Kiti kina nauli yake, mama."

"Nimekuuliza bei?"

Nikalipa kiti. Akataka jina la abiria la kuandika, kwa sababu siku hizi kila kiti kina jina. Nikamwambia andika Mama Salehe. Akaandika.

Barabara kuu

Kabla ya Korogwe askari wa barabarani wakasimamisha basi, mmoja akapanda na orodha, anaita majina. Akafika kwetu.

"Mama Salehe."

Akainua macho kutoka kwenye orodha.

"Mama Salehe yuko wapi? Kondakta, umeacha abiria?"

"Huyu hapa," nikamwambia, nikafunua majani ya migomba kidogo.

Yule askari alitazama tenga, akanitazama mimi, akatazama orodha. Basi zima likageuka. Jirani yangu upande wa dirisha alikuwa mzee wa Kizigua, mtani, akaondoa kofia yake mbele ya tenga. "Shikamoo Mama Salehe. Wasambaa wameanza kusafirisha wake zao ndani ya matenga, sisi tulisema watafika huku!"

"Afadhali sisi tunawalipia nauli," nikamjibu. "Ninyi Wazigua mnawatembeza kwa miguu."

Askari mwenyewe akacheka akashuka. Kuanzia hapo mpaka Chalinze yule mzee hakunyamaza. Tukisimama, anauliza Mama Salehe amekula? Tulisimama mahali pa chakula, nikanunua wali na maharage, yeye akala chipsi na mayai, akaweka vipande viwili vya chipsi juu ya tenga. "Mgeni asione njaa." Nikavila mimi. Vilikuwa na chumvi nyingi.

Kisha tairi likapasuka, tukakaa chini ya jua zaidi ya saa nzima. Nikakitoa chungu nje, sikutaka joto la ndani ya basi. Mzee wa Kizigua akakitazama vizuri sasa, bila mzaha.

"Kimelala upande hiki."

"Aliyekifinyanga mikono inatetemeka."

"Na mdomo huu kaufanyaje ukaenda hivi kama wimbi?"

"Nimekwambia, inatetemeka."

"Mm," akasema. "Mimi mkono wangu ukitetemeka chai inamwagika tu."

Nikakirudisha ndani ya majani.

Jumba lenye kuta nyeupe

Dar tulifikia kwa binti wa dada yangu, Tabata. Alitupikia samaki wa nazi, mtoto wa watu alijitahidi. Mimi samaki wa bahari simwelewi, nikala mchuzi. Asubuhi tukapeleka vyungu Masaki kwenye jumba lenyewe.

Ndani ni peupe kila mahali, kuta, dari, hata masanduku ya kuwekea vitu. Palikuwa na picha za wachoraji wengine na vinyago vya vyuma. Kila chungu changu kikapewa sanduku lake na taa yake. Niliuliza meko iko wapi, Rehema akanibana mkono.

Ukutani karibu na kila chungu walibandika karatasi ndogo. Nasoma polepole lakini nasoma. Yangu iliandikwa jina langu, jina la kijiji na neno "udongo". Nikaridhika. Ya Mama Salehe iliandikwa "Ukimya".

"Neema, hili neno limetoka wapi?"

"Ndilo jina la kazi, bibi. Nimekipa mimi. Kile chungu kinanipa hisia ya ukimya."

"Mwenye chungu hanyamazi. Ungekuwa jirani yake ungejua. Na jina lake yeye liko wapi?"

Alikuwa ameandika "mfinyanzi wa Vuga". Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi, nikamwambia sitoki mpaka jina la mtu liandikwe. Akachapa nyingine palepale, na huo "Ukimya" akauondoa. Karatasi ile mpya iliongeza maneno chini: "yenye alama nyekundu ya msanii." Nilifikiri wanawaonya watu kwamba kinavuja. Nikasema moyoni, hawa ni waaminifu kuliko nilivyodhani.

Jambo jingine lilinishinda hapo. Nilimwambia Neema vyungu vikiisha nitamletea vingine kama hivyo hivyo. Akashtuka. "Hapana bibi, ukileta vinavyofanana watu watalalamika. Wananunua kwa sababu kipo kimoja tu." Maisha yangu yote nimejitahidi chungu cha leo kifanane na cha jana, mteja wa Mombo anakuja na mfuniko wake mkononi, usipoenea anakurudishia. Kumbe huku kufanana ndiyo kasoro. Sikubishana naye. Yeye ana biashara yake.

Jumamosi alasiri

Watu walijaa kuanzia saa tisa. Kila mtu ana glasi mkononi na hakuna mwenye sahani. Wanatazama chungu, wanarudi nyuma, wanainamisha kichwa, wanatazama tena, kama mtu anayenunua ng'ombe, ila hawagusi. Sasa chungu utakijuaje bila kukigonga? Kijana mmoja mwenye miwani akanijia.

"Shikamoo mama. Hiki kinazungumzia nini?"

"Hakizungumzi. Kigonge, utasikia kinalia."

Akakigonga. Mlinzi akaruka kutoka kule. "Hairuhusiwi kugusa!"

"Nimeruhusu mimi," nikamwambia. "Na kimelia vizuri. Hakina ufa."

Nikaenda kuswali alasiri kwenye chumba cha nyuma. Niliporudi nikakuta vyungu vyangu vitatu, vile vizuri kuliko vyote, karatasi zake zimebandikwa alama nyekundu za duara, ndogo kama punje ya mahindi.

Wenzangu, damu ilinipanda. Nimefinyanga tangu sijaolewa. Vile vitatu nilivijaza maji mwenyewe, nilivilaza juu ya jiwe, jiwe kavu. Na mtu hata hakunisubiri nimalize swala. Nikabandua zile alama, moja, mbili, tatu, zikanata kwenye vidole. Nikaenda chooni nikajaza ndoo, nikarudi nikamimina maji chungu cha kwanza, kikajaa mpaka mdomoni. Nikasimama.

"Njooni mtazame!" nikasema kwa sauti. "Nani kaona tone? Aseme!"

Watu wakakusanyika. Nikajaza cha pili. Hakuna tone. Cha tatu. Hakuna tone. Nikapangusa chini kwa ukingo wa kanga, nikawaonyesha kanga kavu. Na wao wakapiga makofi! Wengine wanapiga picha. Mama mmoja alifuta machozi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Sasa nina zile alama tatu vidoleni. Mimi si mtu wa kudanganya wateja. Palikuwa na chungu kimoja tu kinachovuja mle ndani, na hakikuwa cha kuuza. Nikaenda nikazibandika zote tatu kwenye karatasi ya Mama Salehe, ili mtu yeyote asihangaike nacho. Nikaona nimetimiza ahadi kwa namna mbili.

Haikupita muda, akaja bwana mmoja mwenye mvi na fimbo, Mchaga, anaitwa Bwana Tarimo. Neema alikuwa ameniambia habari zake asubuhi. Ni mkusanyaji, ananunua vitu vya wasanii na kuvitunza nyumbani kwake.

"Atapika nini ndani yake?" nilikuwa nimemuuliza.

"Hapiki, bibi. Anakitunza."

"Ataweka nini?"

"Hamna. Hewa."

Bwana Tarimo akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha Mama Salehe. Alikizunguka mara tatu. Kisha akaona ile karatasi, akaita, "Neema! Alama tatu? Nani wamenitangulia, na watatu kwa chungu kimoja?"

Neema akaja mbio. Akatazama ukuta. Akatazama vyungu vyangu vimejaa maji, karatasi zake tupu, na wakati huohuo mama yule wa machozi anasema chungu cha kwanza anakitaka yeye, na kijana mwenye miwani anasema hapana, alikwisha kukinunua saa nzima iliyopita.

"Bibi," Neema akasema taratibu sana, "nani ametoa alama?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu havivuji!"

Rehema akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Ndipo wakanieleza: huku alama nyekundu maana yake kimeshapata mwenyewe. Kimeuzwa. Ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Nikawaeleza nami ya kwetu. Neema akafunika mdomo. "Kwa hiyo lile pako begani..."

"Kinavuja. Nilikupa jibu siku ile, ukaandika."

Yule kijana na yule mama niliwapatanisha mimi. Kijana alitangulia, kijana achukue, na mama akapewa cha nne ambacho kilikuwa na tumbo zuri zaidi, hakukiona tu kwa sababu ya taa. Yakaisha.

Lakini Bwana Tarimo hakuondoka. "Kwa hiyo hiki hakijauzwa."

"Si cha kuuza," nikamwambia. "Na kinavuja."

"Nimesikia. Nakitaka hivyohivyo." Akataja bei. Sitaiandika, msije mkaanza kunitazama kwa jicho la ajabu. Niseme tu ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, kwa chungu alichotagia kuku.

Neema akasema kwa sauti ya chini kwamba ahadi ni ahadi, ila nikibadili mawazo yeye hana neno. Rehema aliacha kucheka. Alinitazama tu. Mama Salehe anapika kwa kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha, sote tunajua bei ile ya ng'ombe ingelitengeneza jiko lile. Nikasema tumpigie. Simu yake anakaa nayo mwanawe Salehe, na Salehe alikuwa shambani Malindi, hii Malindi yetu ya Lushoto.

"Uza mama!" akapiga kelele kule. "Uza hata kabla hujakata simu!"

"Nilikwambia umwite mama yako."

"Mama yuko nyumbani, mimi niko Malindi kwenye kabichi. Uza tu, mimi ni mwanawe!"

"Wewe ulifinyanga?"

"Sikufinyanga."

"Basi endelea na kabichi zako."

Nikakata. Nikamwambia Bwana Tarimo hapana. Mwenye chungu alisema kirudi, na mwenye chungu hayupo hapa kusema vingine. Hakukasirika, nikampenda kwa hilo. Akaegemea fimbo yake.

"Basi mama, mwambie anitengenezee kingine."

"Hafinyangi tena. Mikono imeacha."

"Iliacha yenyewe, au kuna mtu aliiachisha?"

Alisema tu, kama mtu anayeuliza njia. Hajui nyumbani kwetu, hajui lolote. Nikainama nikaanza kumimina maji kutoka kwenye vyungu vyangu kurudi kwenye ndoo, kikombe kwa kikombe.

"Mwambie nangoja," akasema. "Hata kikiwa kinavuja."

Kurudi

Tulirudi siku ya nne, tenga moja tu, vyangu viwili vilivyobaki nikamwachia Neema auze. Safari hii kondakta hakubisha, kiti kilipatikana. Kwa ajili ya Mama Salehe nilinunua dirisha la chuma pale Korogwe, dirisha dogo la jikoni, fundi akalifunga kamba nikalibeba miguuni. Lilitoka kwenye pesa ya vyungu vyangu na msimwambie, yeye anajua ni zawadi ya Neema. Hapo namdanganya, na nimeamua. Juu ya Soni ukungu ulikuwa umeshuka, baridi nzuri, nikavuta pumzi mara ya kwanza tangu niondoke.

Mama Salehe alikuwa kwenye kiti chake.

"Onga mshi," nikamsalimia kwa Kisambaa.

"Kimerudi?" akauliza kabla ya kuitikia.

Nikaweka tenga mbele yake. Akatoa majani mwenyewe, mikono inatetemeka, ikachukua muda, nikajizuia nisimsaidie. Akakipapasa mdomo, bega, chini.

"Walicheka sana?"

"Nani?"

"Watu wa Dar. Walivyokiona kimelala hivi."

Nikakaa chini kwenye ngazi yake. "Kumbe ndiyo maana ulitaka kirudi?"

"Sasa ulidhani nini? Niache aibu yangu ikae huko kwenye nyumba za watu?"

"Mama Salehe, hakuna aliyecheka isipokuwa Rehema, na alinicheka mimi. Kuna mzee alitoa bei ya ng'ombe na ndama."

Akakipakata chungu. Nikafikiri amefurahi. "Na hukumuuzia?"

"Ulisema kirudi!"

"Nilisema kirudi kwa sababu nilijua hakuna atakayekitaka! Mama Rehema, miaka yote hii husikii ninalosema, siku unayosikia ni siku ya ng'ombe?"

"Ungesema wazi!"

"Ungeuliza!"

Tuligombana mpaka wapita njia wakasimama. Kisha sijui nani alianza kucheka, nadhani yeye. Nikamsimulia yote, askari na orodha, Mzigua, maji, makofi. Niliposimulia zile alama tatu alijishika ubavu. Kwenye swali la Bwana Tarimo sikuruka. Nilimsimulia kama lilivyoulizwa, na nikamwambia niliishia kumimina maji.

Akapitisha kidole juu ya lile pako jekundu begani.

"Huyo mzee anangoja kweli?"

"Alisema hivyo. Hata kikivuja."

"Angoje. Udongo wenyewe sina. Tangu kiangazi hakuna aliyeniletea hata tonge."

Ni kweli. Niliwaambia watoto wasimletee, apumzike. Bado nasema chungu kinachovuja kinavuja, Dar au Vuga, na uji hutaupikia humo. Lakini kuacha au kuendelea ni neno la mwenye mikono, na nilikuwa nimelisema mimi.

Nikasimama uwanjani, nikamwita Rehema, nikamwita mke wa Salehe, nikawaita na wale wadogo waliokuwa wanachungulia, nikawaambia: "Kesho mkienda kuchimba udongo mlete mafungu mawili. La Mama Salehe liwe mlangoni kwake kabla ya chai, na liwe hapo kila siku, alitumie asilitumie. Na chungu chake kikitoka motoni, maji ajaze mwenyewe. Mtu akinisikia natia neno langu hapo, anitoe uwanjani."